Mbio kwa jina la mama
Jumapili alfajiri, jirani na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, walipita wakimbiaji wa mbio za hisani, na mmoja alikuwa ameandika mgongoni kwa mkono, "Mama, hii ni yako." Machozi yalinilengalenga. Nilimkumbuka Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa, ambaye mwaka 1980 alikimbia na mguu wa bandia kwa siku 143, zaidi ya kilomita 5,000, mpaka ugonjwa ulipomfika mapafuni. Aliomba kila Mkanada atoe dola moja kwa ajili ya utafiti; kufikia Februari 1981 zilikuwa zimepita milioni 24. Fedha ile ilihesabiwa. Mguu hukimbia, mkono ndio unaofikisha. Huku kwetu mtu anatoka Kigoma kuja kupigwa mionzi kwa wiki kadhaa na pa kulala hana. Basi mwandaaji asiyetangaza hadharani ni shilingi ngapi zimemfikia mgonjwa anauza fulana kwa jina la mama wa mtu. Yule mkimbiaji mwenye maandishi mgongoni amelipa kiingilio, ana haki ya kuuliza. Waliolazwa pale Ocean Road wana haki zaidi yake.