Kukarabati Picha si Kubuni Sura

Yaweza kutokea huko Bonga, katika Mji wa Babati, kama popote nchini, kwamba picha moja tu ndiyo iliyobaki ya babu aliyekwisha kufariki. Picha hiyo imekunjika, imechubuka, na pengine imeota kuvu. Siku hizi mjukuu huipiga kwa simu, akaitia katika programu, na baada ya sekunde chache hupata sura safi inayong'aa. Jamaa hufurahi. Hata hivyo, yafaa tuulize: sura hiyo ni ya nani?

Picha ya kale isiyo ya rangi imefanywa kwa chembechembe za madini ya fedha zilizoshikwa katika utando wa gelatini juu ya karatasi. Hewa chafu huififisha fedha hiyo, na unyevu huulainisha utando hata kuvu ikaota. Katika picha za rangi, rangi zenyewe hupauka kwa mwanga na joto. Kilichokwisha kutoweka katika karatasi hakirudishwi na kompyuta yoyote.

Kompyuta hufanya nini basi? Hukisia. Picha ya sentimita 10 kwa 15, ikisomwa na skana kwa vitone 600 kila inchi, hutoa vitone zaidi ya milioni 8. Kila kitone hupewa namba: 0 ni weusi kabisa na 255 ni weupe kabisa. Mchubuko ukifuta kitone kimoja, na vitone vinne vilivyo jirani ni 120, 124, 118 na 122, programu yaweza kuchukua wastani wake, yaani 121, ikaziba pengo. Kwa ukuta au anga, hesabu hiyo haina madhara. Lakini jicho zima likiwa limetoboka, vitone vya shavuni havina habari za jicho.

Hapo ndipo programu za akili mnemba hukopa jicho kutoka sura nyingine zilizojifunza. Mwaka 1920 hakuwapo wa kuyashuhudia haya. Mwaka 2020 ulimwengu uliyaona. Programu iitwayo PULSE, iliyotoka Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilipewa picha hafifu ya Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya. Ikatoa sura kamili ya mzungu.

Wako watakaosema kwamba picha ni mali ya jamaa, nao wakiridhika yatosha. Kwa pambo la ukutani, sina ubishi. Lakini picha ni ushahidi pia. Ngozi ikipauswa, na chale za usoni zikafutwa kwa kudhaniwa kuwa mikwaruzo, wajukuu watarithi mtu ambaye hakuwapo kamwe.

Kwa hiyo, walimu na wanafunzi wanaokusanya picha za wazee wao hawana budi kushika mambo manne. Picha isomwe kwanza kama ilivyo, na nakala hiyo isiguswe. Marekebisho yafanywe katika nakala ya pili. Kila kilichoongezwa kiandikwe, pamoja na jina la mhusika, mahali na mwaka kama wazee wanavyokumbuka. Mwisho, karatasi yenyewe isitupwe, bali ihifadhiwe mahali pakavu pasipo mwanga.

Doa lililoachwa mahali pake ni la kweli kuliko jicho la kuazima.