Miguu Mitupu Mchangani: Tunarekebisha Nasaha Yetu



Ndugu wasomaji, majuma machache yaliyopita, baada ya swala ya Alfajiri, kamati yetu ya msikiti iliwahimiza waumini wavue viatu na watembee juu ya mchanga wa Mto Morogoro, pale ambapo kiangazi maji hupungua na kuuacha ukimetameta kwa ulanga ulioteremka kutoka Uluguru. Wengi waliitikia. Miongoni mwao alikuwamo mzee wetu mmoja, ambaye ameishi na kisukari kwa miaka mingi. Siku ya nne alirejea nyumbani akiwa na furaha, na hakujua kwamba ameumia mpaka mkewe alipoona damu juu ya mkeka. Kipande cha chupa kilikuwa kimeingia unyayoni. Hadi leo anakwenda kusafishwa kidonda. Tangazo lile tulilitoa sisi, na ni sisi tunaopaswa kulirekebisha.

Mchanga wenyewe hatuukatai. Mwaka 1998 watafiti Lejeune, Willems na Heglund walipima nguvu anayotumia mtu anapotembea mchangani, wakakuta kwamba ni kati ya mara 2.1 na 2.7 ya ile anayotumia kwenye ardhi ngumu kwa mwendo ule ule. Kwa anayekimbia, ni mara 1.6. Sababu yake si ngumu kuielewa. Juu ya ardhi ngumu, kano la kisigino hujivuta na kujirudisha kama mpira, likikusukuma mbele bila gharama kubwa. Mchanga husogea chini ya unyayo, na sehemu ya nguvu ile hupotea humo, hivyo misuli ya mguu hulazimika kufanya kazi upya katika kila hatua. Kwa hiyo dakika chache za mchangani hutosha kumtoa mtu jasho, na kishindo kwenye magoti huwa kidogo kuliko cha lami. Aonaye kuwa mchanga mkavu unamshinda na aanze na ule ulioloa ukashikana. Huo ni mwepesi zaidi.

Faida hiyo tuliitamani kwa ajili ya wazee wetu, hasa wanaojiwekea akiba ya safari ya Hijja. Sa'i peke yake, mizunguko saba baina ya Safa na Marwa, ni takriban kilomita 3, nayo hutanguliwa na tawafu. Tumeshuhudia watu walioweka fedha kwa miaka mingi, ilhali miguu hawakuiandaa hata mwezi mmoja.

Tulikosea wapi basi? Tulimwambia kila mtu avue viatu. Kisukari kinapokaa mwilini muda mrefu, huweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mwenye nayo akachomwa au akaungua asihisi lolote. Kidonda kidogo huchelewa kupona, kikaoza, na wapo waliokatwa mguu kwa sababu ya mwanzo mdogo kama huo. Mgonjwa wa kisukari asitembee peku mchangani, wala uani kwake. Avae viatu vilivyofunika vidole, avikung'ute kabla ya kuvaa, na kila jioni nyayo zake zikaguliwe. Ikiwa macho yake ni dhaifu, mke, mume au mtoto amtazamie. Hii ni kazi ya nyumba nzima.

Hata wenye afya njema, tunawaomba wasivuke maji kwa miguu mitupu, kwani kichocho huingia kupitia ngozi. Waanze kwa dakika 10, na wenye vifundo dhaifu wachague njia ngumu iliyo tambarare. Vijana wa madrasa wamekubali kuokota vigae Jumamosi, ingawa mto hauishi kuleta vingine.

Liko kosa la pili, ambalo mama mmoja alitukumbusha kwa adabu: tangazo letu liliwasahau wanawake. Alikuwa na haki. Katika Sunan Abi Dawud imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, naye akamshinda. Baadaye, Bibi Aisha aliponenepa, Mtume akamshinda yeye. Tumepanga sasa siku zao, na wanaotaka kwenda na waume zao waende.

Juzi tulimtembelea mzee wetu kumwomba radhi. Alitusikiliza, kisha akauliza, "Wanangu, kidonda kikifunga, mtanisubiri pale mtoni?" Tukamwambia tutamsubiri, tabibu akiruhusu. Mkewe alikwishanunua raba, zimewekwa mlangoni.