Dumu tupu, kambare wa kweli!

Kama mfuko umetoboka usijali, kwani leo nina starehe isiyotaka mshiko mkubwa. Nazungumzia kumvua kambare kwa dumu. Ndiyo, dumu lile lile la mafuta ya kula ambalo mama amelitupa nyuma ya nyumba.

Mchezo huu umeshamiri sana kusini mwa Marekani, huko Arkansas, Oklahoma, Texas na kandokando ya mto Mississippi. Kwa wenzetu hao kambare ni kitoweo cha heshima, anapakwa unga wa mahindi na kukaangwa mpaka anakuwa mkavu. Na wapo wakubwa ile mbaya! Mwaka 2011, katika jimbo la Virginia, jamaa mmoja alimtoa kambare wa ratili 143, yaani karibu kilo 65. Huyo alinaswa kwa fimbo ya kuvulia, lakini asiye na hela ya fimbo anajitengenezea dumu lake.

Hebu tuone linavyotengenezwa. Chukua dumu la lita 4 au chupa ya soda ya lita 2, ioshe, kisha kaza kifuniko sawasawa, maana likiingia maji umekwisha. Shingoni funga uzi mnene wa nailoni wa kusokotwa, siyo ule mwembamba unaokata vidole. Urefu wake unategemea kina cha maji. Wengi hupenda chambo kining'inie juu kidogo ya tope. Karibu na mwisho wa uzi funga chubwi, ile risasi ya kuzamisha, na chini yake ndoano.

Wajanja hutumia ndoano ya duara, ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani. Sababu ni kwamba kambare akiuma hakuna mtu wa kuvuta uzi. Ndoano hiyo humkamata yenyewe pembeni mwa mdomo pale anapogeuka aondoke zake, na mara nyingi haiishii tumboni.

Chambo je? Vipande vya samaki mwenye mafuta ndiyo mambo yote. Maini ya kuku anayapenda pia, ila ni laini, yanachomoka upesi. Wengine huko hutumia sabuni ya kufulia! Msicheke, sabuni ya mche iliyotengenezwa kwa mafuta ya wanyama humvuta kambare kweli. Huyu bwana ana vionjio mwili mzima, hasa kwenye sharubu zake, hivyo chakula anakionja hata kabla hajafungua mdomo.

Madumu hutupwa majini jioni, kwani kambare ni mtu wa usiku. Akishauma, dumu linazama, linaibuka, halafu linaanza safari. Raha yenyewe ndiyo hapo, mnalifukuza kwa boti huku tochi inamulika. Wengi hubandika utepe unaong'aa ili lionekane gizani. Ukimpata, angalia mikono: ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya kifuani. Ukichomwa utamkumbuka bibi yako.

Sasa washikaji, hapa naomba tusikilizane. Utamu wa dumu ni kwamba linavua lenyewe, na ubaya wake ni huo huo. Ukitupa madumu 10 na asubuhi ukaokota 7, yale matatu hayajui kwamba mwenyewe umekwenda nyumbani kulala. Yanaendelea na kazi. Samaki anayenasa anabaki amefungwa mpaka anakufa bila kuliwa na mtu. Kobe wa majini na ndege wanajifunga kwenye uzi, na uzi huo huo unajisokota kwenye pangaboi la injini ya boti ya mtu mwingine. Dumu lenyewe halitaoza. Litakatikakatika vipandevipande na kubaki majini miaka na miaka.

Ndiyo maana kule Texas sheria inataka kila dumu liwe na kitambulisho chenye jina na anuani ya mwenyewe, au namba yake ya mteja, pamoja na tarehe aliyolitupa. Wapo wanaoona huo ni usumbufu, lakini mimi naiunga mkono moja kwa moja. Jina lako likiwa linaelea ziwani, utalitafuta dumu hata kama usingizi umekubana! Kwa hiyo tupa yale tu unayoweza kuyaangalia, yahesabu wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na kukiwa na upepo yafunge kwenye jiwe zito yasikuhame.

Hapa Bongo kambare tunao na madumu ndiyo usiseme. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanalijua dumu siku nyingi kama boya la nyavu zao. Lakini wewe mtoto wa mjini, kabla hujakurupuka, pita kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya au uwaone wale wa kikundi cha BMU ufukweni, uulize habari za leseni na zana zinazoruhusiwa. Pia kumbuka maji yetu mengi yana mamba na viboko, hivyo usiku siyo wakati wa kujifunzia. Nenda na mwenyeji anayeyajua maji, na jaketi la kuokolea maisha ulivae, usilikalie.

Kwa leo naishia hapo. Atakayepata kambare asinisahau japo kichwa cha supu. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa!