Mfamasia si Mchuuzi

Kijana aliyezidiwa na heroini katika mitaa ya Bagamoyo aghalabu hafi papo hapo. Pumzi hupungua kidogo kidogo, koo hukoroma, midomo hugeuka rangi. Wakati huo wenzake humwagia maji, au hutoroka kwa kuogopa polisi. Hufa mbele ya macho ya watu, kwa kukosa elimu.

Dawa ya kumwokoa ipo. Naloksoni imejulikana tangu 1961, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka 2014 Shirika hilo lilishauri iwafikie hata raia wa kawaida wanaoweza kushuhudia mtu akizidiwa. Lakini dawa isiyo na maelezo ni nusu ya dawa. Naloksoni hurudisha pumzi kwa dakika chache, kisha nguvu yake huisha baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu, pengine sumu ingali mwilini. Hivyo mgonjwa hana budi kupuliziwa pumzi, kulazwa ubavu na kufikishwa hospitali. Nani atamweleza mama mzazi mambo hayo kama si mfamasia?

Wapo wanaodai kwamba kufundisha hivyo ni kuwaendekeza wavuta unga. Hiyo ni kasumba, kwa maana zote mbili za neno hilo! Anayetundika ndoo ya mchanga kwenye kituo cha petroli hakaribishi moto. Taifa lilikwisha kukata shauri mwaka 2011, ilipofunguliwa kliniki ya methadoni Muhimbili, kwamba mtumiaji ni mgonjwa wa kutibiwa. Na aliyetoka kifungoni au kwenye nyumba ya tiba, mwili wake ukiwa umeisahau sumu, anaweza kuuawa na kipimo kile kile alichokizoea zamani. Mfamasia anayemkabidhi mtu morfini au tramadoli bila neno la tahadhari amefanya kazi ya mchuuzi.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha watu wazima wapatao milioni mbili, kwa redio na vikundi vya masomo. Nchi iliyoweza hayo haiwezi kushindwa kuwafundisha wauza dawa wa Bagamoyo, Kerege na Bunju. Baraza la Famasi na vyuo vilifanye somo hili la lazima. Walimu na watumishi wa umma walidai bila kuona haya. Mwambao umekwisha kuzika vijana wa kutosha.