Kingamwili Pekee Hazithibitishi Fangasi wa Mapafu

Mgonjwa aliyemaliza dawa za kifua kikuu miaka miwili iliyopita anarudi kliniki akikohoa damu. Makohozi yanapimwa, vimelea havionekani. Hata hivyo anaanzishiwa dozi upya. Wako waliotibiwa hivyo ugonjwa wasiokuwa nao, ilhali fangasi aina ya aspagilasi alikwisha kujijengea makao katika tundu lililoachwa na kifua kikuu.

Kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za IgG dhidi ya fangasi huyo kinaziba pengo hilo, na kinastahili kukaribishwa. Hatari imo katika kukisoma peke yake: majibu yakiwa chanya, mgonjwa aandikiwe itrakonazoli, yakiwa hasi, aambiwe hana fangasi. Yote mawili ni haraka mno.

Mbegu za fangasi huyu zimo katika hewa ivutwayo na kila mtu, katika vumbi, majani yaozayo na nafaka ghalani. Mwili uliokutana nazo huweza kutengeneza kingamwili bila mapafu kudhurika. Kwa upande mwingine, mwenye kinga iliyodhoofishwa na VVU au steroidi huenda asizitengeneze za kutosha, na kipimo kilichomlenga Aspergillus fumigatus kinaweza kuwakosa ndugu zake wa spishi nyingine.

Utafiti wa Gulu, Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, unafundisha jambo. Miongoni mwa watu waliowahi kutibiwa kifua kikuu, ugonjwa huu ulipatikana kwa asilimia 26 ya wenye matundu kwenye eksirei ya kifua, na asilimia 0.8 tu ya wasio nayo. Kingamwili zilizopanda, kikohozi sugu au cha damu, na tundu katika picha vilipokutana, viliwatambua asilimia 85.7 ya wagonjwa, na kuwatenga kwa usahihi asilimia 99.6 ya wasiougua. Nguvu hiyo ni ya vitatu kwa pamoja.

Basi daktari aombaye kipimo hiki kabla ya kutazama picha ya kifua ameanzia mwisho, tena mara nyingi kwa fedha za mgonjwa. Itrakonazoli hutumiwa kwa miezi isiyopungua sita na huweza kudhuru ini. Zaidi ya hayo, rifampisini huishusha katika damu hata isifae kitu. Kumpa mtu dawa za maradhi yote mawili “kwa tahadhari” ni kumtwika madhara bila tiba. Mgonjwa naye, akikabidhiwa karatasi ya maabara, ana haki ya kuuliza: na picha ya kifua inaonyesha nini?