FSU Ikinyolewa Jumamosi, Usiniletee Eti Kamati Ilikuwa Sahihi

Wasee, tuelewane mapema kabla mechi haijachezwa. Jumamosi hii, Desemba 30, 2023, saa sita usiku kwa saa zetu, Florida State inakutana na Georgia kwenye Orange Bowl, uwanja wa Hard Rock kule Miami Gardens. Mimi naiona Florida State ikinyolewa bila maji. Na najua kabisa Jumapili asubuhi kuna watu wataamka na picha ya matokeo wakisambaza kila mahali: si mnaona sasa, si kamati ilisema?

Ndiyo maana naandika leo, ubao ukiwa bado 0-0. Matokeo ya Jumamosi hayatathibitisha chochote kuhusu ile kamati. Chochote. Kaa hapo nikuonyeshe.

Kama huu mchezo si wako, nipe dakika moja tu. Futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu ni mchezo mkubwa kuliko jina lake. Usisikie "chuo" ukadhani ni ile mechi ya wanafunzi ya Ijumaa jioni na watu arobaini wamekaa kwa nyasi. Kuna vyuo vinajaza watu zaidi ya 80,000 kila Jumamosi. Lakini bingwa hapatikani vile wewe umezoea. Msimu huu wa 2023, kamati ya watu 13 inajifungia kwenye hoteli moja Grapevine, Texas, inachagua timu nne za kuingia mchujo. Timu nne tu. Nyingine nzuri zinapewa mechi za bowl: mechi moja ya kufunga msimu, unashinda kikombe, unaenda nyumbani. Hakuna raundi ya pili.

Desemba 3 kamati ikataja majina: Michigan, Washington, Texas, Alabama. Florida State namba 5. Georgia namba 6. Kwa hivyo Orange Bowl ya mwaka huu ni mechi ya watu wawili waliofungiwa nje ya mlango mmoja.

Tofauti ni kwamba Georgia ilipoteza mechi moja. Florida State haikupoteza hata moja.

Rudia hiyo kwa sauti. Mechi 13, ushindi 13. Septemba waliipiga LSU 45-24, na yule kwotabeki wa LSU, Jayden Daniels, ndiye ameshinda tuzo ya Heisman mwezi huu, yaani mchezaji bora wa vyuo vyote Marekani. Wakaenda kwa Clemson wakashinda 31-24 kwa muda wa ziada. Wakawafunga Miami, wakawafunga Florida kwao nyumbani, wakabeba ubingwa wa ligi yao ya ACC. Tangu huu mchujo wa timu nne uanze 2014, hakuna bingwa wa ligi tano kubwa aliyemaliza bila kupoteza halafu akaachwa nje. Hawa ndio wa kwanza.

Kosa lao? Kijana aliumia.

Novemba 18, kwenye mechi na North Alabama, kwotabeki wao Jordan Travis aliumia mguu vibaya, msimu ukamwishia pale. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila mchezo unapoanza, ndiye anarusha, ndiye anaamua. Ni pigo, sikatai. Lakini angalia kilichofuata. Mechi hiyo hiyo wakaimaliza 58-13. Wiki iliyofuata, na kwotabeki wa pili Tate Rodemaker, wakaipiga Florida 24-15. Wiki nyingine huyo wa pili naye hakuweza kucheza, wakamweka wa tatu, Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza, kwenye fainali ya ligi dhidi ya Louisville iliyokuwa ndani ya timu 15 bora za nchi. Wakashinda 16-6. Haikuwa tamu kutazama. Ulinzi ndio uliwabeba. Lakini tangu lini ulinzi ukaacha kuwa sehemu ya timu?

Kamati ikasema bila Travis hii ni timu tofauti. Travis mwenyewe akaandika kitu kilichoniuma: kwamba anatamani mguu ungevunjika mapema zaidi msimu huu, ili watu wapate muda wa kuona timu ni zaidi ya yeye. Fikiria kijana yuko kitandani na mguu umefungwa, anaomba msamaha kwa kuumia siku isiyofaa.

Sasa najua utetezi wa kamati, na si wa kijinga wote. Mwongozo wao unawaruhusu kuangalia kama mchezaji muhimu hayupo. Sawa. Basi tuutumie huo mwongozo kwa haki.

Mwaka 2014, Ohio State ilimpoteza kwotabeki wake wa kwanza, Braxton Miller, kabla msimu haujaanza. Wa pili, J.T. Barrett, akaumia mwishoni mwa Novemba. Wakaingia fainali ya ligi na wa tatu, Cardale Jones. Wakashinda 59-0, kamati ikawachukua namba nne. Unajua kilichotokea? Wakaifunga Alabama, wakaifunga Oregon, wakawa mabingwa wa nchi. Na kwotabeki wa tatu! Kwa hivyo kamati hii hii inajua, kwa historia yake yenyewe, kwamba huwezi kuzika timu kwa sababu ya mtu mmoja. Utaniambia 59-0 si 16-6. Kweli. Lakini ile Ohio State ilikuwa na mechi moja iliyopoteza, tena nyumbani, kwa Virginia Tech. Florida State haina.

Na hao waliochukua nafasi, Alabama? Timu kali, kocha wao wa msimu huu wa 2023, Nick Saban, ni gwiji, na ushindi wao wa 27-24 dhidi ya Georgia kwenye fainali ya SEC ulikuwa mkubwa. Georgia walikuwa hawajapoteza mechi 29 mfululizo. Nawapa heshima yao yote. Lakini Septemba walipigwa nyumbani na Texas, 34-24. Na Novemba 25 dhidi ya Auburn walikuwa wamekufa: jaribio la nne na la mwisho, yadi 31 mbele yao, sekunde zinaisha. Mpira ukarushwa kona ya uwanja, ukadakwa, 27-24. Yaani Alabama wangekosa huo mpira mmoja, leo tusingekuwa na hii stori. Walipoponea chupuchupu waliitwa mashujaa. Florida State waliposhinda kwa jasho waliitwa dhaifu. Mbona kipimo ni kile kile lakini majibu mawili?

Hapa ndipo watu huniambia: ni pesa, ni ESPN. Ngoja. Mimi sina ushahidi kwamba kuna mtu alipiga simu, na sitakuambia nilichonacho ni ushahidi. Tena ESPN inaonyesha ligi zote mbili, SEC na ACC. Lakini simu haihitajiki. Tangu 2014 hakuna mwaka hata mmoja ambao SEC ilikosa timu kwenye mchujo. Katika mataji tisa ya kwanza, sita yalienda SEC. Ukikaa kwenye kile chumba, kuiacha SEC nje kunaonekana kama ajali. Kuiacha ACC nje kunaonekana kama Jumapili ya kawaida. Upendeleo hauhitaji njama. Unahitaji tu mazoea, na watu ambao kila mara wanaona faida ya shaka inapaswa kwenda upande ule ule.

Florida State wameelewa hiyo lugha. Desemba 22 wakaenda mahakamani dhidi ya ligi yao wenyewe, wakitaka njia ya kutoka. Wanasema kutoka ACC kungewagharimu dola milioni 572, kwa sababu haki za kuonyesha mechi zao za nyumbani wamezifunga kwa ligi mpaka 2036. Gavana wa Florida alipendekeza kutenga dola milioni moja kwa ajili ya kesi kuhusu hii mambo. Hiyo ya gavana mimi naiona siasa tu. Lakini kesi ya ligi ndiyo jibu la kweli la uamuzi wa Desemba 3: umeniambia kushinda kila mechi katika ligi hii hakutoshi, basi kwa nini nibaki?

Na usidhani haya hayakuhusu. Vyuo vingi vya Marekani hutumia pesa za futiboli kulipia michezo mingine, riadha ikiwemo. Henry Rono aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 alikuwa mwanafunzi wa Washington State. Edward Cheserek alishinda mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon. Zote mbili zilikuwa kwenye ligi moja ya pwani ya magharibi, mwaka huu ligi hiyo ikasambaratika kwa kukimbilia pesa za televisheni. Oregon wakapata kiti kwenye Big Ten. Washington State wameachwa wakitazama kituo baada ya matatu zote kuondoka. Kuna kijana anafanya mazoezi Iten asubuhi hii akiota ufadhili wa masomo kule, na ndoto yake inategemea vikao ambavyo hajawahi kuvisikia.

Haya, turudi Jumamosi. Mechi yenyewe itakuwaje?

Jared Verse, mshambulizi wa safu ya ulinzi ambaye makwotabeki wanamwota vibaya, hachezi. Keon Coleman na Johnny Wilson, wadakaji wawili warefu ambao unawarushia mpira tu hewani wanaufuata, hawachezi. Trey Benson, mkimbiaji wao namba moja, hachezi. Jaheim Bell hachezi. Ukiongeza majeruhi na walioingia dirisha la uhamisho, unazungumzia zaidi ya watu 20. Brock Glenn atasimama nyuma ya mpira akiwa na mechi moja tu aliyoianza maishani mwake chuoni, na safari hii hata wale waliomsaidia ile siku ya Louisville wengi hawapo.

Upande ule, Georgia ya Kirby Smart ni mabingwa wa 2021 na 2022. Wao pia wana wanaokosekana, lakini Carson Beck yupo na ametangaza anarudi 2024, kwa hivyo kwake hii ni mechi ya kwanza ya msimu ujao. Na kila mwaka Georgia husajili vijana wakali mpaka benchi lao lingeshinda ligi za watu. Watakimbia na mpira katikati mpaka ulinzi wa Florida State uchoke, halafu Beck atarusha juu ya vichwa vyao. Naona robo ya kwanza ikiwa na ushindani kidogo. Baada ya mapumziko, msiba. Sitashangaa tofauti ikizidi pointi 30.

Halafu itaanza ile nyimbo: vijana wa siku hizi hawana moyo, wamewaacha wenzao. Hapo ndipo nitakapokasirika. Verse ana miaka michache tu ya kuuza mwili wake. Aprili kuna drafti ya NFL, na goti moja likienda vibaya Jumamosi, anaweza kupoteza mamilioni ya dola. Kocha wa Georgia alisaini mkataba wa dola milioni 112.5 kwa miaka 10. Mwaka huu wa 2023 vijana hawana mshahara. Wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao tangu 2021, lakini kwa sheria za 2023 chuo hakiwalipi kucheza. Wangepewa mchujo wangecheza wote, na hilo silikisii sana: miaka yote, nyota huwa hawajitoi kwenye nusu fainali. Hujitoa kwenye mechi isiyoelekea popote. Nani aliigeuza mechi yao kuwa isiyoelekea popote? Si Verse.

Kwa hivyo uelewe ninachosema. Kamati ilibomoa timu kwa kalamu Desemba 3. Jumamosi mabaki ya timu hiyo yataingia uwanjani, yatapigwa, halafu kipigo kitatumiwa kama risiti ya kuonyesha kalamu ilikuwa sahihi. Huo ni ujanja wa kumfukuza mtu kazini halafu kumlaumu kwamba haonekani ofisini.

Mwakani, 2024, mchujo unapanuka kuwa timu 12, na kila mtu atakuambia tatizo limeisha. Kwa timu kama hii, ndiyo, ingeingia. Lakini kile chumba bado kipo, watu 13 bado wapo, na swali bado halijajibiwa: je, ukishinda kila ulichowekewa mbele, umefuzu, au umeomba tu nafasi ya kufikiriwa? Mtoto yeyote wa mtaa aliyewahi kupita mtihani kisha akaambiwa "tutakupigia" anajua uchungu wa hilo swali.

Mimi nitakuwa macho saa sita. Georgia anashinda, weka hiyo pembeni. Nitakuwa namtazama Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza aliyetumwa kulipa deni ambalo hakulikopa. Ukitaka kubishana nami Jumapili karibu sana, lakini njoo na hoja. Matokeo nimekupa tayari.