Choo Asichokiona Mzee
Mzee mwenye demensia akigoma kukanyaga zulia jeusi mlangoni, mara nyingi huitwa mkaidi. Huenda yeye anaona shimo. Sakafu inayong'aa huiona imelowa, na choo cheupe kwenye vigae vyeupe humpotea machoni, kisha watu wanamlaumu kwa kujichafua! Katika makao ya wazee, rangi ya chumba ni suala la heshima ya mtu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, Marekani, waliwawekea wanaume 9 wenye Alzaima iliyokomaa vyombo vyekundu vya mezani badala ya vyeupe. Walichokula kikaongezeka kwa asilimia 25 na walichokunywa kwa asilimia 84. Wanaume 9 ni wachache, kweli, lakini sahani nyekundu haimdhuru mtu. Waholanzi wamekwenda mbali zaidi: katika kijiji cha De Hogeweyk, mjini Weesp karibu na Amsterdam, wakazi huishi wachache wachache katika nyumba za kawaida, chakula kikipikwa jikoni kwao, duka na mkahawa vikiwa hatua chache tu, na wahudumu hawavai sare. Kijiji kizima ni gharama kubwa. Kiti cha choo chenye rangi tofauti, taa ya usiku njiani, mlango wa msalani unaoonekana kutoka kitandani: hivi haviwashindi wengi. Wanaojenga au kukarabati nyumba za wazee na waanzie chooni.